Inchi Nane Bila Kuulizwa

Hakuna msichana aliyewahi kushonewa gauni kwa Shangazi likaishia pale alipotaka. Akisema magotini, litashuka chini ya goti inchi mbili. Akisema nusu ya muundi, litamwagika hadi karibu na kifundo. Wala Shangazi hakubishana na mteja. Alipima, akaitikia "sawa, mwanangu," akasubiri mwenye mwili atoke nje, kisha akashika chaki na kuongeza mbili zake. Wasichana walimwita Inchi Mbili alipokuwa hayupo. Akina mama walimwita mtu wa maana, na ndio walioleta wateja.

Jambo hilo lilimnyima raha Sindano.

Sindano alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, msichana wa miaka ishirini na mitatu, na alikuwa na mwaka wa nne kwenye cherehani ya dirishani. Jina hilo alipewa na Mama Pacha, fundi mwenzake wa vifungo na pindo, na hakupewa kwa wembamba. Alipewa kwa ukali wa mdomo. Alivaa suruali pana alizojishonea mwenyewe, na kila asubuhi alipoingia dukani Shangazi alizitazama suruali hizo kwanza, halafu ndiyo akaitikia salamu.

"Shangazi, yule dada kasema magotini," Sindano angeanza.

"Nimesikia. Masikio yangu mazima."

"Sasa chaki inafanya nini huku chini?"

"Wewe unamshonea mtu akiwa amesimama mbele ya kioo. Mimi namshonea akiwa amekaa, akiwa anapanda ngazi, na akiwa ameinama kuokota funguo. Nguo hupanda."

"Basi mwambie hivyo. Aamue mwenye goti."

"Mwenye goti ana miaka kumi na tisa."

"Na goti lake lina miaka kumi na tisa. Lako ni hilo lililo chini ya gauni lako."

Mama Pacha alicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni. Shangazi hakucheka. Alikata. Na mkasi ule wa chuma, mzito kama tofali, haukuwahi kushikwa na mkono mwingine dukani. Sindano alishona alichopewa kimekwisha kukatwa, na kila mara alipokunja pindo la gauni refu kuliko lilivyoagizwa, alihisi kama anapitisha uzi kwenye uongo.

Alikuwa na hoja zake, na nyingi alizichonga mwenyewe usingizini na njiani. Kwamba mwanamke akipimwa na baba nyumbani, akapimwa na mlinzi getini, akapimwa na macho ya barabarani, basi angalau kwa fundi wake apimwe kwa anachotaka yeye. Kwamba adabu ya kuongezewa kwa siri si adabu, ni wizi wa kinyume: mwizi anakuwekea badala ya kukuchukulia. Alizisema hoja hizi kwa Mama Pacha, akazisema kwa cherehani, akazisema kwa kioo. Alichokosa ni mkasi.

Mkasi ukaja siku ya Jumatatu.

Shangazi aliingia dukani mkono wa kulia umefungwa bendeji toka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Daktari alikuwa amemwambia mshipa wa kifundo cha mkono umechoka kwa miaka thelathini ya kukata, na kwamba asishike chuma kwa wiki tatu. Alisimama mbele ya meza ya kukatia kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kufuli limebadilishwa.

"Njoo hapa," alimwambia Sindano. "Wiki hii utakata wewe. Nitapima kwa mkono wa kushoto, utaandika, utakata nilivyokuwa nakata. Ikifika Ijumaa jioni hakuna kitambaa cha mtu kilichoharibika, meza hii ni yako. Nitakaa kwenye kiti nipige soga na wateja kama tajiri."

"Yangu kabisa?"

"Yako kabisa. Na kikiharibika hata kimoja, utarudi dirishani, na habari ya mkasi hutaitaja tena mpaka nizikwe."

Sindano aliuchukua. Vidole vyake viliingia kwenye matundu yaliyolainishwa na vidole vya mtu mwingine, na ulivyokuwa mzito alilazimika kuuweka mkasi chini kwanza. Nilivyokuwa nakata. Maneno hayo aliyasikia vizuri sana. Akayapitisha sikio hili, akayatolea lile.

Jumatatu hiyohiyo alikata magauni mawili, Jumanne matatu. Hakuongeza inchi mbili za Shangazi, na mawili kati ya hayo, ambayo akina mama ndio waliosema urefu huku mabinti wakiwa kimya, aliyapunguza kidogo. Alijiambia anawasikiliza wale ambao hawakupewa nafasi ya kusema. Shangazi alikuwa upande wa pili wa pazia akipokea wateja, na mkono ulimuuma, na hakuja kukagua.

Ilikuwa Jumanne mchana alipoingia mama mmoja mwenye kitambaa cha zambarau kwenye mfuko, na nyuma yake binti wa chuo aliyeshikilia leso mdomoni. Kitambaa kilikuwa kizuri, kizito, cha kuanguka vizuri. Mama alisema kila kitu.

"Refu. Lifike kifundoni. Mikono hadi hapa kwenye kiganja. Shingo ifungwe. Lisibane popote."

Shangazi alipima kwa mkono wa kushoto, akataja namba. "Hamsini na nne, toka begani."

Sindano aliandika hamsini na nne, kisha akamtazama binti. Macho yalikuwa mekundu, yamelowa. Leso haikuondoka mdomoni. Mama yake alipomuuliza, "Si ndivyo?" aliitikia kwa kichwa tu, akageukia dirishani.

Sindano alihisi damu ikimpanda. Huyu hapa, aliwaza. Huyu ndiye niliyekuwa namsema siku zote. Analia, na hakuna hata mmoja anayemuuliza analia nini.

"Analitaka lini?" Shangazi aliuliza.

"Jumamosi ana shughuli chuoni. Atakuja mwenyewe Ijumaa kulijaribu."

Walipotoka, Mama Pacha alisema, "Maskini, kile kitoto kimenyamaza kama maji ya mtungi."

"Kimenyamazishwa," alisema Sindano.

Usiku hakulala vizuri. Aligeuka huku, akageuka kule. Jumatano asubuhi alitandika kitambaa cha zambarau mezani, akapiga chaki ya hamsini na nne, akaitazama. Akaifuta kwa kiganja. Akapiga hamsini. Akaifuta. Akapiga arubaini na sita, nusu ya muundi, urefu wa msichana anayekimbia kuwahi darasani bila kushika gauni mkononi. Mkasi ukaingia kwenye kitambaa kwa ile sauti yake ya kutafuna, na Sindano akaifurahia kila hatua.

Kipande kilichobaki hakukitupa. Alikigawa akatengeneza mifuko miwili mirefu ya pembeni, ya kuingia simu na mkono mzima, na mkanda wa kiunoni. Hayo nayo hayakuagizwa. Yalikuwa zawadi. Alishona siku nzima akitabasamu peke yake, na Mama Pacha akamwuliza kama kuna mchumba aliyepatikana.

"Kuna mtu ninamfungulia mlango," alisema Sindano.

"Haya. Angalia usije ukamfungulia yuko bafuni."

Alhamisi hakutulia hata dakika. Alipiga gauni pasi mara tatu. Alilitundika, akalitazama kwa mbali, akalishusha, akakaza kifungo kilichokuwa kimekaza. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuka. Alikuwa amekwisha kuuona uso wa yule binti ukifunguka mbele ya kioo, na alikuwa amekwisha kuandaa hata maneno ya kumjibu atakaposhukuru: Si kitu, dada. Ni wako mwili.

Ijumaa saa sita binti aliingia peke yake. Leso haikuwepo. Kabla hajafika kaunta sauti yake ilikuwa imekwisha kulijaza duka.

"Jamani habari za kazi! Samahani, juzi nilikaa hapa kama bubu. Nilikuwa nimetoka kung'olewa jino, mdomo umejaa pamba, dawa ya ganzi inaisha, nalia kama mtoto. Mama ikabidi aseme kwa niaba yangu, nilimwandikia kila kitu kwenye karatasi asije akakosea." Akacheka, akashika shavu. "Chuoni wananiita Kipaza. Siku ile wangeniona wangefanya sherehe."

Sindano aliweka mkasi chini. "Uliandika wewe?"

"Nani mwingine? Mama alitaka nishone fupi kidogo, anasema nikivaa refu nafanana na shangazi yake aliyefariki. Liko wapi?"

Hapakuwa na la kufanya ila kulitoa. Kipaza aliingia nyuma ya pazia. Kulikuwa na mtikisiko wa kitambaa, halafu zipu. Shangazi aliinua kichwa kitini, na Mama Pacha akasimamisha mashine.

Pazia likafunguka. Gauni lilimkaa mabegani vizuri, kiunoni vizuri, na likaishia katikati ya muundi.

"Nani kakata hili?" aliuliza. Hakuuliza kwa kelele.

Shangazi alikuwa amekwisha kusimama. Jicho lake lilipima kwa mbali, kama lilivyozoea, na Sindano aliona anapata hesabu: nane. Hata hivyo uso wake ulibaki wa biashara.

"Ee mwanangu, pole sana," alisema Shangazi. "Vitambaa vya siku hizi si vya kuamini. Tumekiloweka kabla ya kushona, kikarudi. Kimepungua chote hicho, unaona? Tutakutengenezea."

Huo ulikuwa uongo wa mafundi wote, na ulikuwa uongo mzuri. Wateja huuamini kwa sababu wote wamewahi kununua nguo ikapungua majini. Shangazi alimtupia Sindano jicho moja fupi: nyamaza, nimekufunika. Kipaza aliinama akashika pindo, akalisugua kwa vidole, karibu anaamini. Duka lingebaki na jina lake. Kitambaa kisingehesabiwa kuharibika. Ijumaa jioni ingefika salama, na meza ingekuwa yake.

Sindano alitazama meza ya kukatia. Alifikiria miaka minne ya dirishani. Alifikiria na zile hoja zake zote alizozisema mbele ya kioo.

"Hakikurudi," alisema. "Hakikuloweshwa hata tone. Nilikikata mimi, inchi nane, kwa makusudi."

"Sindano!" alifoka Shangazi.

"Nilidhani mama yako anakulazimisha. Ulikuwa unalia, nikasema nikusaidie."

Kipaza alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kwa lugha asiyoijua. "Ukasema unisaidie. Na kuniuliza je? Namba yangu ya simu si mama aliwaachia?"

"Nilidhani..."

"Unajua kesho naenda kufanya nini? Chuo kimeweka mlinzi getini na rula. Rula, dada! Ile ya kuchorea mistari. Msichana akifika anapimwa sketi kutoka gotini, ikipanda juu kupita kipimo anarudishwa, anakosa mtihani. Wamerudishwa kumi na moja mwezi huu. Kesho nasimama mbele ya bodi nzima kuwasemea. Nikisimama na gauni fupi watasema natetea magoti yangu. Nimetaka wasiwe na cha kutazama isipokuwa huu mdomo, wenye pengo na yote." Akavuta pumzi. "Hiyo ni sababu moja. Sababu kubwa ni kwamba napenda refu. Tangu mdogo. Napenda linavyonifuata nikitembea. Je, nahitaji sababu nyingine?"

"Hapana," alisema Sindano kwa sauti ndogo.

"Mlinzi ana rula. Wewe una mkasi. Tofauti yenu ni nini?"

Sindano alifungua mdomo. Mama Pacha, aliyemjua kwa miaka minne, alisubiri jibu, maana hakuwahi kumwona akikosa.

Shangazi ndiye aliyedakia. "Umeniaibisha dukani kwangu. Nilikwambia ukate ninavyokata mimi!"

"Wewe nawe, Shangazi, unaongeza mbili kila mtu na humwambii yeyote," alisema Sindano. Maneno yalimtoka bila ukali, kama mtu anayetaja kitu kilicho mezani.

"Zile ni za kumlinda!"

"Na hizi zilikuwa za kumkomboa."

Mama Pacha aliinamia vifungo vyake. Yeye alijua jambo ambalo Sindano hakulijua: kwamba Shangazi, siku yake ya kwanza kabisa ya kazi ofisini, akiwa na miaka kumi na tisa, alirudishwa kwa sababu ya sketi fupi, akatembea mtaa mzima wa maduka huku vijana wakimzomea na mmoja akimvuta pindo mpaka likachanika. Siku ya pili hakwenda ofisini. Alikwenda kununua cherehani. Mama Pacha alitaka kulisema, akaona uso wa Shangazi, akaliacha lilipo.

"Samahanini," alisema Kipaza, "hebu ugomvi muuahirishe, mimi kesho saa tatu nipo mbele ya watu. Gauni hili linapona au haliponi?"

Hapo wote watatu wakawa mafundi tena. Kitambaa cha zambarau hakikubaki. Kilikuwa kimekwenda kwenye mifuko na mkanda. Kilichowezekana ni kuunga pindo la kitambaa kingine kwa chini. Mama Pacha alivuta kapu la mabaki. Shangazi akachomoa cheusi, akakiweka begani mwa Kipaza.

"Hiki. Kimetulia."

"Hapana, mama. Hicho." Kidole cha Kipaza kilikuwa kwenye kipande cha rangi ya chungwa, kikali, cha kuumiza jicho.

"Hicho? Utaonekana toka getini!"

"Ndiyo natakiwa nionekane, mama. Nimejifunika, sikujificha."

Shangazi alikunja midomo. Alichukua kipande cha chungwa, akakitandika mezani, akashika chaki kwa mkono wa kushoto. Alipima. Akapiga mstari. Kipaza, aliyekuwa amesogea karibu, aliweka kidole juu ya utepe wa kupimia.

"Mama, hapa pameandikwa kumi. Mimi zimepungua nane."

Shangazi aliutazama mstari ule kama vile umechorwa na mtu mwingine. Kisha, taratibu, akakilowesha kidole gumba, akaufuta mstari. Akapiga mpya.

"Nane," alisema.

"Nane. Ahsante."

Akashika mkasi kwa mkono wa kushoto. Chuma kiliyumba, kikatafuna pembeni mwa mstari, kikakwama. Alijaribu tena, jasho likamtoka juu ya mdomo. Hakumtazama mtu. Akausukuma mkasi upande wa pili wa meza.

"Kata," alimwambia Sindano. "Mimi nashikilia kitambaa."

Sindano alikata. Hakuwahi kukata polepole namna ile. Kila hatua aliinua macho kwa Kipaza, mpaka Kipaza akasema, "Dada, mstari upo, fuata tu, usinitazame kama napelekwa kunyongwa." Waliunga, wakapiga pasi, wakamvalisha. Pindo la chungwa lilimgonga kifundoni. Alizunguka mara moja, gauni likamfuata, na akacheka mpaka pengo likaonekana. Alitia mikono yote miwili mifukoni.

"Mifuko hii nimeipenda," alisema. "Nimekasirika bado, lakini mifuko nimeipenda. Ungeniuliza ningekwambia weka."

Akaondoka na gauni mwilini, anaongea na simu kabla hajauvuka mlango.

Shangazi alinyoosha mkono wa kushoto. Sindano aliuweka mkasi kiganjani mwake bila kuambiwa.

"Utarudi dirishani," alisema Shangazi.

"Ndiyo, Shangazi."

"Si kwa sababu ya kitambaa. Kitambaa kimepona." Aliuzungushia mkasi kipande cha flana, akaukaza. "Mtu wa kukata bila kuuliza ninaye tayari humu dukani. Ni mimi. Wa pili wa nini?"

Sindano alikaa kwenye cherehani yake. Mbele yake, kwenye waya, magauni matano aliyoyakata Jumatatu na Jumanne yalining'inia yakisubiri wenyewe. Jana yalikuwa ushindi mara tano. Sasa aliyatazama na hakujua hata moja kama ndivyo mwenyewe alivyotaka. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena, akayavua yote kwenye vibanio, akayalaza begani, akachukua kikebe cha pini.

"Unakwenda wapi saa za kazi?" aliuliza Shangazi.

"Kuwauliza."

"Wote?"

"Wote."

Shangazi alirudi kwenye kiti chake.

Wa kwanza alikuwa muuza dawa wa kona ya pili, msichana mnene mwenye miwani, ambaye mama yake ndiye aliyesema "chini ya goti" na Sindano akalifikisha magotini kwa huruma. Alikuwa anahesabu vidonge. Sindano alisubiri amalize, kisha akamweleza mambo yote kwa pumzi moja, pamoja na samahani mbili. Msichana alilitwaa gauni, akaliegemeza mwilini nyuma ya kaunta, akainamisha kichwa.

"Mbona refu hivi?" alisema.

"Refu?"

"Nataka hapa." Akagusa paja, vidole vinne juu ya goti.

"Mama yako alisema..."

"Mama yangu ndiye atakayelivaa?"

Sindano alipiga magoti kwenye sakafu ya duka la dawa, katikati ya makasha ya dawa za kikohozi, pini tatu mdomoni, magauni manne bado begani. Mteja aliingia akataka kitu cha kichwa, akaambiwa asubiri. Sindano alishika pindo, akaliinua kidogo.

"Hapa?"

"Juu."

"Hapa?"

"Juu kidogo. Hapana, hapo umezidisha. Shusha."

Akashusha.